Mfungwa nchini Marekani na kesi ya haki za kiraia: aiendeshe mwenyewe, atafute wakili, au awe ndani ya kesi ya pamoja?

Mfungwa katika gereza la jimbo nchini Marekani anayedai kwamba askari walimpiga bila sababu, kwamba ugonjwa wake ulipuuzwa, au kwamba amezuiwa kutimiza ibada za dini yake, anaweza kuwashtaki wahusika katika mahakama ya shirikisho kwa kutumia kifungu namba 1983 cha sheria za haki za kiraia, kifungu ambacho chimbuko lake ni sheria iliyotungwa mwaka 1871 ili kupambana na ukatili wa Ku Klux Klan katika majimbo ya Kusini. Haki ya kufungua kesi hiyo anayo. Kinachomsumbua yeye na jamaa zake, wakiwamo wale wa familia zinazozungumza Kiswahili ambazo zimehamia huko na kujikuta zina kijana gerezani, ni nani aiendeshe. Njia ni tatu: aiendeshe mwenyewe, apate wakili, au madai yake yabebwe ndani ya kesi ya pamoja inayowahusu wafungwa wengi.

Wengi huuchukua uamuzi huu kama jambo la kuamuliwa mara moja, mwanzoni kabisa, kisha basi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanapopotea. Yapo mambo ambayo mfungwa atayafanya kwa mkono wake apende asipende, na ipo hatua moja, katikati ya safari, ambayo bila wakili kesi nyingi nzuri huzama. Ulinganisho wenye manufaa ni ule unaozitazama njia hizi hatua kwa hatua na kwa aina ya madai.

Kabla ya kuchagua

Kuna dhana iliyoenea kwamba mtu asiye na fedha atateuliwa wakili na mahakama. Dhana hiyo inatokana na kesi ya Clarence Earl Gideon, mfungwa wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli akiwa gerezani, na ambaye ushindi wake wa mwaka 1963 uliwapa washtakiwa maskini wa makosa makubwa ya jinai haki ya kupewa wakili. Haki ile ni ya anayeshtakiwa kwa jinai. Mfungwa anayewashtaki askari magereza ni mdai katika shauri la madai, na huko hakuna haki ya kupewa wakili. Mwaka 1989, katika kesi ya Mallard, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba sheria inayowahusu wadai wasio na uwezo inamruhusu jaji kumwomba wakili achukue kesi, lakini haimpi uwezo wa kumlazimisha. Ndiyo maana zaidi ya kesi tisa kati ya kumi za wafungwa katika mahakama za shirikisho hufunguliwa na wafungwa wenyewe, wale ambao jalada la mahakama huwaandika kuwa pro se.

Jambo la pili lisilo na uchaguzi ni malalamiko ya ndani. Sheria ya mwaka 1996 ya kurekebisha mashauri ya wafungwa, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Aprili mwaka huo, inamtaka mfungwa amalize ngazi zote za malalamiko zilizowekwa na gereza lake kabla ya kugusa mlango wa mahakama. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisema sharti hilo linabaki palepale hata kama mfungwa anataka fidia ya fedha na utaratibu wa gereza hautoi fedha. Mwaka 2006, katika kesi ya Woodford dhidi ya Ngo, ikaongeza kwamba ngazi hizo lazima zipitwe kwa kufuata kanuni na tarehe za gereza lenyewe: wakati huo California ilitaka malalamiko yapelekwe ndani ya siku 15 za kazi, Ngo akachelewa, na uchelewaji huo ukamgharimu kesi nzima. Muda wa namna hiyo huhesabiwa kwa siku au wiki chache. Hakuna wakili anayepatikana kwa haraka hiyo, na hata angepatikana, fomu ni ya mfungwa mwenyewe.

Kwa hiyo anayesema "nitangoja nipate wakili kwanza" huenda akawa amekwisha kuipoteza kesi kabla barua yake ya kwanza haijajibiwa. Kinga iliyopo ni finyu. Mwaka 2016, katika kesi ya Ross dhidi ya Blake, mahakama ilikubali kwamba utaratibu wa malalamiko hauhesabiwi kuwa upo iwapo hauwezi kumpa mfungwa nafuu yoyote, iwapo umetatanishwa kiasi cha kutoeleweka, au iwapo watumishi wanamzuia kuutumia kwa hila au vitisho. Mfungwa anayetegemea moja ya sababu hizo anapaswa kuweka nakala ya kila karatasi, pamoja na tarehe na jina la aliyeipokea au kukataa kuipokea.

Kuiendesha mwenyewe

Haki ya mtu kuendesha kesi yake mwenyewe katika mahakama za shirikisho ni kongwe kama mahakama hizo, kwa kuwa imo katika sheria iliyoziunda mwaka 1789. Faida yake ya kwanza ni kwamba inaanza leo. Fomu ya madai hupatikana kwa karani wa mahakama, maelezo yanaweza kuandikwa kwa mkono, na ushuhuda wa mfungwa unakubalika akiandika tamko kwamba anasema kweli na kwamba anatambua adhabu ya kusema uongo, bila kumhitaji afisa wa viapo. Mfungwa aliyeruhusiwa kufungua kesi bila kulipa ada yote kwanza hupelekewa hati kwa wadaiwa na maofisa wa mahakama. Na kwa kuwa hana uwezo wa kwenda posta, mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ilani yake ya rufaa huhesabiwa imewasilishwa siku ile aliyoikabidhi kwa watumishi wa gereza ili itumwe.

Faida ya pili ni namna majaji wanavyotakiwa kumsoma. Mwaka 1972, katika kesi ya Haines, mzee wa miaka 66 wa gereza la Illinois ambaye alilalamika kwamba alilazwa sakafuni katika chumba cha adhabu ilhali ana ulemavu wa mguu, mahakama ilisema maandishi ya mtu asiye na wakili yapimwe kwa kipimo chepesi kuliko yale ya wakili. Kanuni hiyo ingali hai. Ilirudiwa mwaka 2007 katika kesi ya mfungwa wa Colorado aliyeondolewa kwenye matibabu ya homa ya ini aina ya C. Ni wepesi wa kusoma, hata hivyo. Haumpatii mtu ushahidi asio nao, wala hauongezi siku kwenye muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inaruhusu kesi kufunguliwa.

Mtu anayeidharau njia hii akumbuke kwamba sehemu kubwa ya sheria ya haki za wafungwa imejengwa juu ya karatasi zilizoandikwa seli. Thomas Cooper, mfungwa Mwislamu wa gereza la Stateville huko Illinois, alianza peke yake, na mwaka 1964 akaifanya Mahakama ya Juu ikubali kwamba mfungwa anaweza kutumia kifungu cha 1983 kudai uhuru wa dini. J. W. Gamble wa Texas aliangukiwa na robota la pamba lenye uzito wa ratili 600 mwaka 1973, akaandika madai yake kwa mkono, na hukumu ya mwaka 1976 iliyotokana nayo ndiyo inayotumika hadi leo: kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba. Lakini Gamble mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilihesabu kwamba alionwa na wahudumu wa afya mara 17 katika miezi mitatu, ikasema matibabu duni pekee ni uzembe wa kitabibu na hayavunji Katiba. Kesi yake inaonyesha mpaka ambao wafungwa wengi wa leo bado wanaugonga: wanathibitisha kwamba walitibiwa vibaya, ilhali wanatakiwa kuthibitisha kwamba mhusika alijua hatari na akaiacha.

Sasa gharama. Ada ya kufungua kesi ni dola 350, na mfungwa hasamehewi hata akiwa fukara. Anaruhusiwa tu kulipa kidogokidogo. Kwanza hukatwa asilimia 20 ya wastani wa fedha zilizoingia, au wastani wa salio, katika akaunti yake ya gerezani kwa miezi sita, kwa kutazama kilicho kikubwa zaidi. Kisha hukatwa asilimia 20 ya mapato ya mwezi uliotangulia kila salio linapozidi dola 10. Mwenye kutumiwa dola 30 kwa mwezi ataanza na dola 6 na kuendelea kukatwa kwa miaka. Akiwa na kesi mbili, kila moja inakata asilimia 20 yake. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2016. Kesi ikitupwa, deni halifutwi. Jamaa wanaotuma fedha za sabuni na simu wanapaswa kulijua hili, kwa sababu kwa hakika ni wao wanaoilipa ile ada.

Gharama nyingine ni kubwa kuliko fedha. Mfungwa ambaye kesi au rufaa zake tatu zimetupwa kwa kuwa za kipuuzi, za nia mbaya, au zisizoonyesha dai linalotambuliwa na sheria, hupoteza haki ya kulipa kidogokidogo, isipokuwa awe katika hatari ya karibu ya kudhurika vibaya mwilini. Tangu mwaka 2020, kwa uamuzi wa Lomax, hata kesi iliyotupwa kwa ruhusa ya kuifungua upya huhesabiwa. Kuandika haraka kwa hasira kuhusu jambo dogo ni kutumia nafasi moja kati ya tatu, na mfungwa wa kifungo kirefu hajui lini ataihitaji.

Baada ya kufunguliwa, kesi huchunguzwa na jaji kabla wadaiwa hawajaitwa. Hapa ndipo nyingi hufia, mara nyingi kwa makosa yanayoweza kuepukwa: kulishtaki jimbo lenyewe au idara ya magereza kwa fidia, jambo ambalo kifungu cha 1983 hakiruhusu, kumshtaki mkuu wa gereza kwa sababu tu ni mkuu, au kusimulia mateso ya mwaka mzima bila kusema nani alifanya nini siku gani. Anayeepuka hayo amevuka kizuizi cha kwanza, na wapo wafungwa wengi wanaokivuka bila msaada wa mtu.

Kizuizi cha pili ni kingine kabisa. Ni kipindi cha kudaiana ushahidi, ambacho huishia kwa wadaiwa kuomba kesi iamuliwe kwa nyaraka pasipo kusikilizwa mbele ya jopo la raia. Mfungwa hawezi kuwahoji mashahidi kwa kiapo kwa urahisi, kwa kuwa hana fedha za kumlipa mpiga chapa wa mahakama. Shahidi wake mkuu anaweza kuwa amehamishiwa gereza jingine, na mara nyingi wafungwa hukatazwa kuandikiana. Video ya kamera za gereza inaweza kuzuiwa asiione kwa hoja ya usalama. Na katika madai ya matibabu anatakiwa daktari bingwa wa kueleza kwamba kuchelewesha upasuaji ndiko kulikoleta ulemavu. Maktaba ya sheria haimsaidii hapo, hata ikiwa nzuri. Na tangu hukumu ya Lewis dhidi ya Casey ya mwaka 1996, anayelalamikia ubovu wa maktaba lazima aonyeshe kwamba ulimharibia kesi fulani yenye msingi.

Mwenzake wa gerezani

Karibu kila gereza lina mfungwa aliyejifunza sheria na anayewaandikia wenzake. Mwaka 1969, katika kesi ya Johnson dhidi ya Avery iliyotoka Tennessee, Mahakama ya Juu ilikataza magereza kuwazuia watu hao iwapo hakuna msaada mwingine. Ni msaada halali, wakati mwingine bora kuliko unavyotarajiwa, lakini kisheria mdai bado ameiendesha kesi mwenyewe: sahihi ni yake, kosa ni lake, na mwandishi akihamishwa usiku, hati zinaweza kwenda naye. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba msaada wa namna hiyo haupewi ulinzi wa pekee wa uhuru wa kujieleza.

Kupata wakili

Mlango wa kwanza wa wakili ni makubaliano ya kulipwa asilimia ya fidia kesi ikishinda. Kwa mtu aliye huru aliyeumizwa na polisi mlango huu huwa wazi, hasa kwa kuwa mdaiwa akishindwa kwa kawaida hulazimika kumlipa wakili wa mdai. Kwa mfungwa, sheria ya mwaka 1996 iliufunga nusu. Ada ambayo wadaiwa wanaweza kuamriwa kulipa haizidi asilimia 150 ya fidia iliyotolewa, na malipo ya saa yamewekewa kikomo. Mahakama ya rufaa ya Boston ilikwisha kukubali mwaka 2000 kwamba mfungwa aliyepewa fidia ya alama ya dola 1 wakili wake alipwe dola 1 na senti 50. Sioni haja ya maelezo zaidi kuhusu kwa nini barua nyingi za wafungwa hurudi na jibu la kukataa kwa upole, au hazijibiwi kabisa.

Tena sehemu ya ada hiyo hutoka kwa mfungwa. Charles Murphy, aliyepigwa na askari katika gereza la Vandalia huko Illinois hadi mfupa wa tundu la jicho ukavunjika, alishinda dola 307,733.82, na wakili wake akakadiriwa ada ya dola 108,446.54. Jaji alitaka Murphy achangie asilimia 10 ya fidia yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema lazima robo nzima ya fidia itumike kwanza kulipa ada kabla wadaiwa hawajachangia kilichobaki. Hata hivyo, nikitazama hesabu hiyo sioni kama ni sababu ya kumkwepa wakili. Robo tatu ya fidia iliyopatikana inazidi fidia nzima iliyoandikwa kwenye karatasi za kesi iliyotupwa. Anayejiwakilisha, kwa upande wake, hawezi kudai ada yoyote kwa kazi yake. Uamuzi wa mwaka 1991 ulisema hivyo hata kwa mdai ambaye yeye mwenyewe ni wakili.

Mlango wa pili ni kumwomba jaji atafute wakili wa kujitolea. Kila mahakama ya rufaa ina vigezo vyake, lakini vinakaribiana. Ile ya Chicago, katika hukumu ya Pruitt ya mwaka 2007, inauliza mambo mawili: je, mfungwa amejaribu kwa dhati kutafuta wakili mwenyewe, na je, ugumu wa kesi unazidi uwezo wake wa kuiendesha? Kwa hiyo barua za kukataliwa zina thamani, na ziambatanishwe. Ombi linaloletwa siku moja na hati ya madai mara nyingi hukataliwa, kwa kuwa jaji hajajua kama kesi ina uzito. Ninaona wakati wake mwafaka ni baada ya kesi kuvuka uchunguzi wa kwanza, na lirudiwe inapofika hatua ya wataalamu au ya kusikilizwa, likieleza kikwazo mahususi: shahidi gani hafikiki, ripoti gani ya daktari inahitajika, kanda gani imezuiwa. Ombi la kurasa mbili zenye mambo hayo lina nafasi nzuri kuliko lenye malalamiko ya jumla kwamba mdai hajui sheria.

Kinachopotea mtu akipata wakili ni usukani. Mahakama haipokei tena karatasi za mfungwa mwenyewe. Wakili ndiye anayeamua hoja zipi zishikiliwe na zipi ziachwe, ingawa uamuzi wa kukubali au kukataa suluhu unabaki kwa mteja. Wapo wasiovumilia hilo baada ya kuilea kesi kwa miaka. Nadhani wanakosea, lakini ni haki yao.

Mfano wa njia mbili kuunganika vizuri ni wa Gregory Holt, aitwaye pia Abdul Maalik Muhammad, mfungwa wa Arkansas aliyetaka kufuga ndevu za nusu inchi kwa sababu ya dini. Aliiandika kwa mkono rufaa yake kwenda Mahakama ya Juu. Ilipokubaliwa kusikilizwa, profesa wa sheria Douglas Laycock akaisimamia, na mwaka 2015 majaji wote wakampa ushindi.

Kesi ya pamoja

Kesi ya pamoja hufaa pale tatizo linapokuwa la gereza zima: msongamano, huduma ya afya iliyoporomoka, vyumba vya adhabu. Mfungwa asiye na wakili kwa kawaida haruhusiwi kuwawakilisha wenzake, hivyo njia hii haiwezi kuanzishwa kikamilifu bila mawakili. Inaweza, hata hivyo, kuota kutoka kwenye karatasi yake. David Ruíz alifungua kesi yake Texas mwaka 1972 kwa hati ya kuandikwa kwa mkono. Jaji William Wayne Justice akaiunganisha na nyingine na kumwomba wakili William Bennett Turner aichukue. Ilisikilizwa kwa siku 159, mashahidi 349 wakatoa ushahidi, na hukumu ya mwaka 1980 ikabadilisha magereza ya jimbo zima. California nako, hukumu ya Brown dhidi ya Plata ya mwaka 2011 iliamuru idadi ya wafungwa ishuke hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza, baada ya kukaa karibu na asilimia 200 kwa muda mrefu.

Mlinganisho na njia nyingine ni mkali. Kesi ya pamoja huchukua miaka mingi, kwa kawaida haitoi fidia kwa mtu mmoja mmoja, na chini ya sheria ya 1996 amri za mahakama lazima ziwe finyu na wadaiwa wanaweza kuomba zifutwe baada ya miaka miwili. Mwenye maumivu yake binafsi asidhani kwamba kuwa ndani ya kundi kunalinda dai lake la fedha. Kwa kawaida dai hilo linabaki lake, na saa ya ukomo inaendelea kwenda.

Aina ya madai na njia inayofaa

Madai ya dini, barua, vitabu na kuadhibiwa kwa sababu ya kulalamika hutegemea zaidi kanuni zilizoandikwa na barua za gereza. Mfungwa mwangalifu anaweza kuyafikisha mbali akiwa peke yake, na ningemshauri aanze bila kungoja. Madai ya kupigwa yako katikati. Sheria imekuwa nyepesi kidogo kwake, kwa kuwa mwaka 2010, katika kesi ya Wilkins dhidi ya Gaddy, ilisemwa kwamba kinachopimwa ni nguvu iliyotumika na si ukubwa wa jeraha. Na kwa mahabusu ambaye hajahukumiwa, tangu mwaka 2015 inatosha kuonyesha kwamba nguvu hiyo haikuwa ya busara kwa kipimo cha nje, bila kuingia moyoni mwa askari. Lakini kesi hizi husimama au huanguka kwa kanda za video, na barua ya kutaka kanda zihifadhiwe iandikwe mara moja. Madai ya matibabu ndiyo yanayomhitaji wakili zaidi. Ningeweka juhudi zote za kutafuta wakili huko kabla ya kwingine.

Madai yanayogusa uhalali wa hukumu au urefu wa kifungo hayaingii kabisa katika ulinganisho huu. Yana njia yake ya kuomba kuachiliwa, na kuyaleta kwa kifungu cha 1983 kunaweza kuhesabiwa kuwa moja ya zile kesi tatu zilizotupwa. Mfungwa wa gereza la serikali ya shirikisho naye atazame upya: kifungu hicho ni cha watumishi wa majimbo na serikali za mitaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuwaruhusu wafungwa wa shirikisho kudai fidia moja kwa moja kutoka kwa askari kwa kupigwa. Kilichobaki kwake zaidi ni dai dhidi ya serikali yenyewe, linaloanza kwa maombi ya maandishi kwa idara husika ndani ya miaka miwili.

Lugha, jamaa walio nje, na suala la kungoja

Kwa mfungwa anayetegemea Kiswahili, njia ya kujiwakilisha ina mwiba wa ziada. Sheria ya wakalimani wa mahakama ya mwaka 1978 inahusu kesi zinazofunguliwa na serikali ya Marekani. Katika kesi aliyoifungua mfungwa, jaji halazimiki kumpa mkalimani, na karatasi zote hutakiwa kwa Kiingereza. Jamaa wanaweza kutafsiri, kupiga chapa, kutafuta kanuni na kuwaandikia mawakili. Hawawezi kuweka sahihi badala yake wala kusimama mahakamani kwa niaba yake, hata wakiwa na hati ya uwakala, kwa kuwa kumwakilisha mtu mwingine ni kazi ya wakili peke yake. Ugumu wa lugha, ukielezwa kwa ushahidi, ni hoja nzuri katika ombi la kutafutiwa wakili. Jamaa aliyezuiliwa na idara ya uhamiaji yuko katika hali tofauti: mahakama kadhaa za rufaa zimeamua kwamba kizuizi hicho ni cha kiraia na kwamba yeye si mfungwa kwa maana ya sheria ya 1996, hivyo ada ya kukatwa kidogokidogo na kanuni ya zile kesi tatu zilizotupwa hazimhusu.

Vilevile sheria hiyo humtazama mtu alivyo siku anayofungua kesi. Aliyekwisha kutoka gerezani hafungwi na sharti la malalamiko ya ndani, na kikomo cha ada ya wakili hakimgusi, jambo linalowafanya mawakili waliomkataa jana wamsikilize leo. Ndiyo maana anayekaribia kumaliza kifungo ana chaguo la nne, la kungoja, na kipimo chake ni muda wa ukomo, ambao hufuata sheria ya kila jimbo kuhusu majeraha ya mwili: mwaka 1 Kentucky na Tennessee, miaka 2 California, miaka 3 New York, miaka 6 Minnesota. Mfungwa wa Minnesota aliyebakiza miezi minane angoje bila hofu, huku akiendelea kujaza fomu za malalamiko kwa tahadhari. Wa Kentucky aliyepigwa mwezi Machi na anayetarajiwa kutoka Januari atabakiwa na wiki chache tu za kumtafuta wakili na kufungua kesi. Tarehe yake ya kutoka ikisogezwa mbele kwa miezi miwili, awe na hati ya madai iliyokwisha kuandikwa kwa mkono wake, tayari kukabidhiwa kwa mpokea barua wa gereza.